Cri-Cri na foki tatu zilizovunjika

Hebu fikiria uko na kundi lako la baiskeli, mmetoka Nairobi alfajiri mkielekea Magadi. Mmeshuka Ngong, jua limeanza kuchoma, halafu cheni yako inakatika. Utafanya nini? Utapiga simu, ama utangoja pikapu ipite, ama yule msee wa kundi anayebebaga spana atarudi akutoe kwa shida. Poa.

Sasa toa simu. Toa pikapu. Toa hata yule msee wa spana, kwa sababu sheria inasema akigusa baiskeli yako, wewe ndiye unaadhibiwa. Barabara si lami, ni mawe na vumbi. Baiskeli yako ni chuma kizito kisicho na gia za kubadilisha kwa kidole, na mbele yako kuna milima mikubwa kuliko kitu chochote utakachokutana nacho njia ya Magadi. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakishindana Tour de France zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hakuna aliyeujua uchungu wa mashindano hayo kama Mfaransa mmoja aliyeitwa Eugène Christophe.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1885 huko Malakoff, pembeni mwa jiji la Paris. Kabla ya kuwa nyota alikuwa fundi wa kufuli. Hiyo ukumbuke, kwa sababu itakuja kumwokoa. Alikuwa kijana wa mkono wa kazi, aliyezoea tupa, nyundo na moto, si mtoto wa tajiri aliyenunuliwa baiskeli ya kuchezea. Mashabiki walimpa majina mawili. La kwanza Cri-Cri, la utani na mapenzi. La pili Mgalia Mkongwe, kwa sababu ya masharubu yake makubwa yaliyoning'inia kama ya wale mashujaa wa zamani wa Ufaransa.

Tour yake ya kwanza ilikuwa 1906. Lakini kama unataka kujua alikuwa mtu wa aina gani, angalia mbio za Milan–San Remo, Italia, mwaka wa 1910. Ilikuwa mwezi wa Aprili na theluji ilikuwa imejaa mlimani. Wapanda baiskeli walikuwa na kaptura na fulana za sufu tu. Christophe alishikwa na maumivu ya tumbo, vidole vikafa ganzi, akasimama kando ya njia akiwa hawezi kuendelea. Mtu aliyekuwa akipita akamwingiza kwenye nyumba ndogo ya wageni, akavuliwa nguo zilizolowa, akafunikwa blanketi. Alipoanza kupata joto akaona kupitia dirishani wenzake wakipita, wamejaa matope hadi machoni. Akaomba suruali, akavaa, akatoka. Aliwapita wote na akashinda. Waliotambuliwa kuwa wamemaliza mbio hizo walikuwa wanne pekee. Yeye alilazwa hospitalini karibu mwezi mzima kwa sababu ya baridi ile, na mwili ulichukua miaka miwili kurudi sawa.

Mwaka wa 1912 akarudi Tour akiwa moto. Alishinda hatua tatu mfululizo, na moja ya hizo aliendesha peke yake kilomita 315 mbele ya kundi. Peke yake! Lakini mwaka huo mshindi alitafutwa kwa pointi za nafasi, si kwa saa, kwa hivyo ushindi wa saa nzima na ushindi wa sekunde moja vilikuwa na uzito uleule. Mbelgiji Odile Defraye, mwenye timu imara nyuma yake, akachukua taji na Cri-Cri akawa wa pili. Mwaka uliofuata waandalizi walirudisha hesabu ya saa. Kila mtu aliona huu sasa ndio mwaka wake.

Hapo ndipo tunafika Tourmalet.

Tourmalet ni njia ya mlima katika safu ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Usikimbilie kusema kwamba hata Limuru iko juu kuliko hapo. Limuru unafika ukitoka Nairobi, ambayo tayari iko juu. Kule unatoka bondeni na kupanda hadi mawinguni, kisha unateremka, kisha unapanda mlima mwingine. Hatua ya siku hiyo ya Julai 1913 ilitoka Bayonne hadi Luchon, kilomita 326, na ilipitia milima mikubwa kadhaa. Defraye, aliyekuwa akiongoza, alikuwa amechoka na kubaki nyuma sana. Philippe Thys ndiye aliyefika kileleni kwanza, na Christophe akifuata dakika chache nyuma yake. Ukipiga hesabu ya saa zote tangu mbio zianze, Cri-Cri sasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa Tour. Kilichobaki kilikuwa ni kuteremka bila kuanguka.

Katikati ya mteremko akahisi usukani haumtii. Akashika breki, akatazama chini. Foki, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imevunjika.

Kama umewahi kuendesha mkebe wa Black Mamba unajua kuna shida za baiskeli za aina mbili. Kuna pancha, ambayo unaziba na kusonga. Na kuna foki, ambayo ikienda, baiskeli imekwisha. Hakuna gundi, hakuna waya wa kufungia. Siku hizi gari la timu linakuja na baiskeli mpya juu ya paa na jamaa anaondoka kabla hujamaliza kupiga miayo. Mwaka wa 1913 kubadilisha baiskeli kulikuwa marufuku. Kusaidiwa pia marufuku. Ukiharibikiwa unatengeneza mwenyewe, ama unaenda nyumbani.

Christophe aliinua baiskeli begani, akabeba gurudumu la mbele kwa mkono, akaanza kutembea. Wenzake aliowaacha nyuma walimpita mmoja baada ya mwingine. Alilia njiani, na hakuona haya baadaye kukiri kwamba alilia. Alitafuta njia za mkato za mifugo ili asizunguke na barabara. Inasemekana alitembea takriban kilomita 14 mpaka akafika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, chini ya mlima.

Kijijini, msichana mmoja akamwonyesha karakana ya mhunzi, iliyokuwa upande wa pili. Mhunzi huyo, Lecomte, alikuwa tayari kuifanya kazi hiyo mara moja. Maafisa wa mashindano waliokuwa wamemfuata wakasema la. Mhunzi anaweza kueleza kwa mdomo, lakini asiguse.

Na hapa ndipo yule fundi wa kufuli wa Malakoff aliporudi kazini. Kama umepita Kamukunji na kusikia zile nyundo za jua kali, unaijua picha. Mtu amevaa nguo za mbio zilizojaa jasho na vumbi, amesimama mbele ya tanuri, chuma chekundu kwenye fuawe, anapiga. Alichukua kipande cha bomba la chuma, akakichonga kikae sawa ndani ya foki iliyokatika, akaunganisha kwa moto. Shida ilikuwa moja. Ukiwa na mikono miwili, mmoja umeshika chuma na mwingine nyundo, nani atavuta mvukuto ili moto usizime? Akamwomba kijana mdogo aliyekuwa pale karakanani avute. Kijana akavuta.

Maafisa wakaandika hilo kwenye daftari.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mchana ule, kwamba afisa mmoja aliona kazi inakawia, njaa ikamshika, akataka kutoka kidogo atafute chakula. Christophe akamjibu kwamba kama ana njaa ale makaa, maana yeye ni mfungwa wao na wao watabaki kuwa walinzi wake mpaka mwisho. Mimi hapo nampa tano. Ukiamua kumsimamia mtu kwa sheria kali hivyo, basi simama nayo hadi mwisho.

Kazi ilipokwisha aliweka mkate mfukoni, akapanda baiskeli na kuondoka. Usidhani alikuwa anateremka kwenda kulala. Mbele yake kulikuwa na milima mingine miwili, Aspin na Peyresourde, na alikuwa akiipanda kwa foki aliyoichomelea kwa mkono wake, akijua kwamba ikikatika tena kwenye mteremko, safari hii huenda asisimame kwa miguu. Alifika Luchon karibu saa nne nyuma ya Thys. Cha kushangaza, wapo waliofika baada yake. Kisha maafisa wakamwongezea adhabu ya dakika 10 kwa sababu ya kijana wa mvukuto. Baadaye wakaipunguza hadi dakika 3, ambazo kwa mtu aliyepoteza saa nne hazikuwa na maana yoyote, ila kumkumbusha nani ni bosi.

Kuna wanaosema sheria ni sheria. Sawa. Lakini sheria ile ilitungwa ili mbio ziwe kipimo cha mtu na baiskeli yake, na siku hiyo kipimo kilikuwa wazi mbele ya macho yao. Thys alishinda Tour. Christophe akamaliza wa 7.

Mwaka uliofuata vita vikuu vya kwanza vya dunia vilianza, na Tour ikasimama hadi 1919. Mabingwa watatu wa zamani wa mashindano hayo, François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton, hawakurudi. Christophe alirudi, lakini miaka ambayo ingekuwa bora zaidi ya miguu yake ilikuwa imeliwa na vita. Sasa alikuwa na miaka 34.

Barabara za Ufaransa zilikuwa zimebomolewa, vifaa havikupatikana, na karibu wapanda baiskeli wote walivaa jezi za kijivu zinazofanana kwa sababu viwanda havikuwa na rangi wala pesa. Watu walisimama kando ya njia wakiuliza kiongozi ni yupi. Ndipo mwandalizi Henri Desgrange alipoamua kiongozi avae rangi ya manjano, rangi ya karatasi ya gazeti lake, L'Auto. Tarehe 19 Julai 1919, huko Grenoble, jezi ya kwanza kabisa ya manjano akapewa Eugène Christophe. Ile jezi unayoiona leo kwenye runinga, ambayo watu wanaililia, yeye ndiye aliifungua. Na hakuipenda. Watazamaji walimcheka njiani wakimwita chiriku.

Zikabaki hatua mbili. Cri-Cri alikuwa mbele ya Firmin Lambot kwa dakika 28. Hatua ya kabla ya mwisho ilitoka Metz hadi Dunkerque, kilomita 468, kupitia zile barabara za mawe za kaskazini zilizopondwa na vita. Walipofika Valenciennes, foki ikavunjika.

Ndiyo, foki tena.

Safari hii karakana ilikuwa karibu, na akaitengeneza mwenyewe kama mara ya kwanza. Lakini zaidi ya saa moja ilikuwa imepotea, na kufikia jioni taji lilikuwa la Lambot. Siku ya mwisho pancha nazo zikamwandama, akamaliza wa tatu. Wafaransa walishindwa kuvumilia. Gazeti la L'Auto likafungua mchango, watu wakatuma pesa, wengine kidogo sana, wengine nyingi, na jumla ikapita faranga 13,000. Zilikuwa nyingi kuliko zawadi ya mshindi. Harambee, kwa lugha yetu.

Hakustaafu. Mwaka wa 1920 alishinda Paris–Tours na Bordeaux–Paris. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 37, alivaa tena jezi ya manjano, umri ambao wengi wao walikuwa wameshaacha mbio zamani. Halafu kwenye mteremko wa Galibier, katika milima ya Alps, unajua kilichotokea. Foki ya tatu. Akatembea tena. Tour yake ya mwisho ilikuwa 1925 akiwa na miaka 40, na hakuwahi kuishinda hata mara moja.

Sisi Wakenya tuna kiungo kidogo na hadithi hii. Miaka 100 baada ya Christophe kuzaliwa, mwaka wa 1985, Chris Froome alizaliwa Nairobi, akaja kujifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu. Julai 2016 akiwa na jezi ya manjano kwenye mlima wa Ventoux, aligongana na pikipiki, baiskeli ikavunjika, naye akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima. Dunia nzima ilicheka na kushangaa. Lakini Froome alikimbia muda mfupi tu, akaletewa baiskeli nyingine, maafisa wakamrekebishia muda wake, na akashinda Tour. Linganisha na maafisa wa 1913 wakihesabu mara ngapi mtoto amevuta mvukuto.

Christophe alifariki Paris tarehe 1 Februari 1970 akiwa na miaka 85. Pale Sainte-Marie-de-Campan kuna bamba ukutani linaloonyesha karakana ilikokuwa, na wapanda baiskeli wanaoenda Tourmalet husimama hapo wakipiga picha. Jina lake pia lilipigwa kwenye vishikio vya chuma na mikanda ya ngozi ya kufungia mguu kwenye pedali, ambavyo viliuzwa kwa miaka mingi. Ukipata baiskeli ya zamani ya mbio mahali fulani, inama uangalie pedali. Ukiona kumeandikwa Christophe, ni huyo.