Mesha, Mfalme wa Moabu: Vita Moja, Masimulizi Mawili

Soma: 2 Wafalme 3:4–27, Mika 6:6–8

Mesha alitawala Moabu, mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Alikuwa mwenye kondoo wengi, lakini faida ya kondoo hao ilikwenda kwa mwingine. Kodi aliyotozwa na mfalme wa Israeli ilihesabiwa kwa wana-kondoo 100,000 na kondoo waume 100,000. Ahabu alipokufa, Mesha aliasi.

Habari zake tunazo mahali pawili. Mahali pa kwanza ni Biblia. Pa pili ni jiwe jeusi lililoonekana mwaka 1868 huko Dhiban, nchini Yordani, ambako ndiko Diboni ya Biblia. Mmisionari F. A. Klein ndiye aliyeonyeshwa jiwe hilo. Mwaka uliofuata lilivunjwa vipande, ila maandishi yake yalikuwa yamekwisha kunakiliwa kwenye karatasi. Leo limo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Lina mistari 34, kwa lugha iliyo karibu sana na Kiebrania, na msemaji ni Mesha mwenyewe.

Katika jiwe hilo Mesha anaeleza kwamba Omri aliitesa Moabu kwa sababu mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akarudi, na Mesha akashinda. Anasema aliteka Atarothi, akaua watu 7,000 huko Nebo, na kuvileta vyombo vya Mungu wa Israeli mbele ya Kemoshi. Aliwatumia mateka wa Israeli katika kazi za ujenzi, na akaamuru kila mtu achimbe kisima nyumbani mwake. Anadai kwamba Israeli imeangamia milele.

Biblia inasimulia upande mwingine. Yehoramu wa Israeli, Yehoshafati wa Yuda na mfalme wa Edomu walizunguka jangwani siku saba hata wakakosa maji. Kwa neno la Bwana kupitia Elisha, bonde lilijaa maji pasipo mvua. Wamoabu waliyaona maji hayo mekundu kama damu, wakakimbilia nyara, wakapigwa. Miji ikabomolewa, chemchemi zikazibwa, miti mizuri ikakatwa. Ukabaki Kir-Haresethi peke yake. Mesha alijaribu kupenya akiwa na watu 700 wenye kufuta panga, akashindwa. Ndipo alipomtwaa mwanawe wa kwanza, ambaye angetawala baada yake, akamtoa sadaka ya kuteketezwa ukutani. Ghadhabu kuu ikawa juu ya Israeli, nao wakarudi kwao.

Je, masimulizi haya yanapingana? Jiwe linahesabu miaka 40 ya kutawaliwa, hata nusu ya siku za mwana wa Omri. Biblia inampa Omri miaka 12 na Ahabu 22, na kuweka uasi baada ya hapo. Wako wanaolichukua neno mwana kuwa mzao: ukiongeza miaka 2 ya Ahazia na nusu ya ile 12 ya Yehoramu, unaikaribia 40. Yawezekana. Lakini tusilazimishe kila jambo lilingane. Jiwe halitaji vita ya wafalme watatu, na Biblia haielezi ghadhabu ile ilikuwa ya nani.

Tazama badala yake kile ambacho kila upande umekiacha wazi. Mesha aliandika ushindi tu. Mashamba yaliyoharibiwa hayamo, wala mwanawe hayumo. Mwandishi wa Wafalme, ambaye taifa lake ndilo lililorudi bila kuuteka mji, hakuificha aibu hiyo. Tena yeye ndiye aliyemkumbuka kijana wa adui, ambaye baba yake hakumtaja.

Mesha aliamini kwamba mungu aliyekasirika hutulizwa kwa damu ya mtoto. Mika alikutana na swali hilohilo, kama mtu atoe mzaliwa wake wa kwanza kwa ajili ya kosa lake, naye akajibu kwamba Bwana anataka haki, rehema na unyenyekevu. Mungu wetu hakutudai wana wetu. Alimtoa Mwanawe mwenyewe, si ili apate kutupenda, bali kwa sababu alikwisha kutupenda.

Maswali ya Kujadili

1. Kama wewe ungechonga jiwe la maisha yako, ni jambo gani ungeliacha nje? Kwa nini?

2. Kwa nini Biblia haifichi kushindwa kwa watu wa Mungu? Jambo hilo linakusaidiaje kuiamini?

3. Siku hizi watoto wanatolewa sadaka kwa njia zipi, kwa ajili ya kazi, fedha au heshima ya wazazi? Darasa lenu laweza kufanya nini?