Allidina Visram: Tajiri aliyekuwa na mali pande zote za ziwa

KUWA na shamba au jengo katika nchi usiyoishi si jambo geni kwa watu wa Ziwa Viktoria. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, Allidina Visram, aliyekuwa na makao yake Mombasa, aliendesha maduka, viwanda na mashamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza na Wajerumani.

Alizaliwa Kera, Kutch, nchini India mwaka 1851. Akiwa na miaka 12 alivuka bahari hadi Zanzibar, kisha akajifunza biashara Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, aliyehudumia misafara ya bara. Baadaye alifungua maduka yake kando ya njia za misafara, akiuza nguo na kununua pembe za ndovu na ngozi.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mwanza, kituo cha Wajerumani tangu 1892, ikaanza kupokea bidhaa kwa meli badala ya mabegani mwa wapagazi. Ngozi na mazao ya Usukuma nayo yakatokea huko huko. Allidina alikuwa amejiandaa: mashua zake zilibeba mizigo ziwani, na alijenga kinu cha mafuta Kisumu na kiwanda cha kuchambua pamba Entebbe. Kufikia 1909 alikuwa na mashamba saba Uganda, yenye mipira, miwa na pamba.

Hata hivyo, ardhi haikununuliwa kama ngozi. Upande wa Wajerumani, tangu amri ya 1895, mgeni hakuweza kuichukua bila kibali cha serikali. Buganda, sheria ya 1908 ilimzuia mwenye maili kumuuzia mgeni bila idhini ya gavana na Lukiko.

Mali hizo za mbali zilisimamiwa na mawakala, na mwenyewe alisafiri kuzikagua. Mwaka 1916 alifariki kwa homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mali, lakini mkaguzi hakuwapo tena. Matawi yalifungwa moja baada ya jingine, na baada ya miaka 10 hivi biashara ilikuwa imesambaratika. Jina limebaki kwenye shule ya sekondari Mombasa.

Masharti ya ardhi bado yapo. Mtanzania anayetaka kiwanja Kisumu au Kampala ajue kwamba katiba za Kenya na Uganda humpa asiye raia haki ya kupanga tu, isiyozidi miaka 99 kwa Kenya. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 humnyima asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha hati ni ya aina unayoruhusiwa. Kisha amua mapema nani atasimamia mali hiyo siku ambayo wewe huwezi tena kusafiri.