Hannes Schneider, Mwalimu wa Kuteleza Thelujini

Mtu wa pwani akifika Isiolo, asubuhi isiyo na mawingu huinua macho kusini akauona Mlima Kenya na weupe wa kileleni mwake. Kwetu sisi theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Hata hivyo Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya thelujini katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2018 huko Korea Kusini. Kuteremka mlima mbio juu ya mbao mbili, na kukata kona bila ya kuanguka, ni elimu yenye walimu wake, na mmoja wa wakubwa wao ni marehemu Hannes Schneider.

Schneider alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Stuben, kwenye milima ya Arlberg, Austria. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa kuwafundisha wageni wa hoteli moja ya St. Anton. Enzi hizo watelezaji wengi walisimama wima, na mteremko mkali ukawashinda. Schneider akawafundisha kujikunja: magoti yapinde, mwili uelekee mbele, uzito uelemee mguu wa nje ya kona. Hapo ukingo wa ubao hushika theluji na mtu huenda atakako. Akiegemea nyuma, mbao ndizo zimpelekazo.

Mafunzo aliyapanga kwa daraja, mfano wa chuoni kwetu ambako mtoto hasomi sura kabla ya kuzijua herufi. Kwanza mwanafunzi hukaribisha ncha za mbele za mbao na kupanua mikia, apunguze mwendo. Kisha hugeuka kwa kuelemea upande mmoja. Mwisho humaliza kona mbao zikiwa sambamba. Asiyeshika somo hakupandishwa darasa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alifundisha askari wa milimani. Baadaye sinema zilimpa sifa duniani, na mwaka 1930 akaalikwa Japani.

Machi 1938 Wanazi waliitwaa Austria. Schneider, aliyejulikana kuwa si mwenzao, alikamatwa mara moja akatiwa gerezani, na shule yake ikamtoka. Rafiki yake Rudolf Gomperz, mtu wa asili ya Kiyahudi aliyefanya kazi kubwa ya kuistawisha St. Anton, aliuawa mwaka 1942. Schneider yeye alinusurika. Mwenye benki wa Marekani, Harvey Gibson, alimpigania, na Februari 1939 akawasili North Conway, jimbo la New Hampshire, pamoja na jamaa zake. Huko, akiwa na umri wa miaka 48, alianza upya kufundisha somo lile lile. Alifariki mwaka 1955, bila ya kurudi kuishi kwao.

Mbao za leo ni fupi na zina kiuno chembamba, nazo hukata theluji kuliko zile za zamani. Lakini mwanafunzi angali akirudia zoezi lile: pinda magoti, elemea mguu wa nje. Waliomfunga Schneider walimnyang'anya shule na mji wake. Ujuzi wake hawakuweza kuunyang'anya.