A. C. Hobbs: Mmarekani aliyefungua kufuli 'lisilofunguka' bila ufunguo

Funguo zimepotea. Stoo imefungwa, mali iko ndani, na kila aliyesimama pale mlangoni ana wazo moja tu: tafuta nyundo, tuvunje. Kisha anakuja fundi na kibegi chake, anainama, anachokonoa dakika chache, mlango unafunguka na kitasa kimebaki kizima. Mwenye mali anashukuru na kulipa.

Usiku ndipo swali linapomjia. Kama huyu fundi ameweza, mwizi je?

Swali hilohilo liliwanyima Waingereza usingizi mwaka 1851. Aliyewaletea ni mgeni kutoka Marekani, jina lake Alfred Charles Hobbs.

Kibarua wa kila kazi

Hobbs alizaliwa Boston, Massachusetts, Oktoba 7, 1812. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na alipofika miaka 10 hivi tayari alikuwa kibarua shambani.

Baada ya hapo hakukaa sehemu moja. Alichonga mbao, aliunda magari ya kukokotwa na farasi, alishona matandiko ya farasi, hata ubaharia aliujaribu. Alikuja kutulia kidogo kwenye kiwanda cha vioo cha mji wa Sandwich, huko huko Massachusetts, akajifunza kukata kioo.

Kioo ndicho kilichompeleka kwenye vitasa. Enzi hizo vishikio vya milango vya kioo vilikuwa na soko zuri, na Hobbs akawa anavitengeneza. Kishikio hakiuziki bila kitasa chake, kwa hiyo akaanza kufungua vitasa kuona vimeundwaje ndani. Kumbe vingi vilikuwa vya kuzugia tu.

Anakufungulia kwanza, anakuuzia baadaye

Akaajiriwa na kampuni ya Day & Newell ya New York, iliyouza kitasa cha benki kilichobuniwa na Robert Newell. Hobbs alikuwa muuzaji, na mbinu yake ya kuuza haikuwa ya kawaida.

Aliingia benki, akaomba aonyeshwe kitasa cha sefu ambacho wenyewe wanakiamini, kisha akakifungua bila ufunguo mbele ya macho yao. Hapo hakuhitaji maneno mengi. Meneja aliyeona sefu lake likifunguka hivihivi alikuwa tayari kununua kingine.

London, kiangazi cha 1851

Mwaka 1851 London iliandaa maonyesho makubwa ya viwanda ndani ya jengo la kioo, Crystal Palace, kwenye bustani ya Hyde Park. Watu zaidi ya milioni 6 walipita hapo. Hobbs alikwenda na vitasa vya Newell, lakini waliomvutia zaidi walikuwa wenyeji wenyewe na vitasa vyao.

Waingereza walikuwa na majina mawili wakiyaapia: Chubb na Bramah.

Kitasa cha Chubb kilibuniwa na Jeremiah Chubb mwaka 1818, baada ya wezi kuingia kwenye ghala za jeshi la majini huko Portsmouth kwa funguo bandia. Ndani yake mlikuwa na vyuma bapa, na kila kimoja lazima kiinuliwe kwa kimo chake hasa. Ukikiinua kupita kiasi, kitasa kinajikaba. Mwenyewe akija na ufunguo wake na kukuta umekwama, anajua kuna mtu alikuwa anachokonoa.

Mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa vitasa aliahidiwa msamaha iwapo atakifungua. Alihangaika nacho kwa wiki nyingi, akanyoosha mikono.

Dakika 25 za Chubb

Julai 22, 1851, Hobbs aliwaita mashahidi kwenye nyumba namba 34, mtaa wa Great George, Westminster. Mle ndani mlikuwa na chumba imara cha kuhifadhia nyaraka, mlango wake umefungwa kwa kitasa cha Chubb.

Akatoa vifaa vyake vidogo, akainama. Baada ya dakika 25 mlango ukafunguka. Wakamwambia aufunge tena bila ufunguo, naye akaufunga chini ya robo saa. Kitasa kilipokaguliwa hakikuwa na jeraha lolote.

Siri yake ilikuwa nini? Alikuwa akiusukuma ulimi wa kitasa taratibu kana kwamba anafungua, huku akigusa vyuma vya ndani kimoja kimoja. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza vyuma vyote sawasawa kabisa, kwa hiyo kimoja hubana kabla ya vingine. Kinachobana ndicho cha kuinua. Kikiachia, kinachofuata kinabana. Unakwenda hivyo hadi cha mwisho.

Na ule mtego wa kujikaba? Hobbs aliugeuza kuwa msaada wake. Kitasa kilipojikaba kilikuwa kinamwambia hapa umezidisha, rudi kidogo.

Saa 51 za Bramah

Likabaki la Bramah, ambalo ndilo lililokuwa na jina kubwa zaidi. Joseph Bramah alisajili ubunifu wake mwaka 1784. Kufuli moja kubwa la aina hiyo lilikaa kwenye dirisha la duka la kampuni yake, mtaa wa Piccadilly, kwa miongo mingi. Kando yake palikuwa na tangazo: atakayetengeneza kifaa cha kulifungua atapewa guinea 200, ambazo ni zaidi ya pauni 200.

Bramah alifariki mwaka 1814, tangazo likaendelea kukaa dirishani. Wapita njia walilisoma, wakaliangalia kufuli, wakaendelea na safari zao.

Hobbs akaingia dukani kulitaka. Wakaundiwa kamati ya waamuzi, akapewa chumba na muda wa siku 30. Kufuli lilikuwa na vyuma 18 vya kusukuma, kila kimoja na kina chake. Akalifungia kifaa cha kukaza ili kani isimwachie, kisha akaanza kupima chuma kimoja baada ya kingine.

Haikuwa kazi ya dakika. Ilimchukua jumla ya saa 51, zilizogawanywa kwa siku 16. Mwishoni mwa Agosti kufuli likafunguka. Waamuzi wakauleta ufunguo halisi, wakaujaribu, ukafanya kazi kama kawaida. Maana yake hakuvunja kitu.

Kampuni ya Bramah ililalamika. Ikasema mwizi gani atapewa chumba, utulivu na siku 16? Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini waamuzi walimpa Hobbs ushindi, na guinea 200 zikalipwa.

Kosa ni la nani?

Ndipo mjadala ukawaka magazetini. Miaka yote watu walilala wakiamini kuna kitu kisichofunguka. Sasa mgeni amekuja, ameonyesha kwamba imani ile ilikuwa tupu. Wapo waliomshangilia. Wapo waliomwona mkorofi anayewafundisha wezi kazi.

Hobbs alikuwa na msimamo wake, na aliuweka kwenye kitabu kuhusu ujenzi wa vitasa kilichotoka London mwaka 1853. Kwa mtazamo wake, wezi wanaijua kazi yao vizuri, na mengi ya udhaifu huo waliyajua zamani. Ambaye hajui ni mwenye mali. Ukimficha, unamlinda mwizi, humlindi yeye. Waswahili tungesema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kweli, kelele zile zilizaa matunda. Mafundi wa Uingereza, Chubb na Bramah wakiwemo, walirudi mezani kuboresha kazi zao. Hobbs mwenyewe akabaki London na kufungua kampuni ya vitasa vilivyotengenezwa kwa mashine.

Mwalimu naye akafunguliwa

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo mashabiki wa Hobbs huipita haraka. Kule London alitoa changamoto yake pia: aje anayeweza kufungua kitasa cha Newell. Fundi mmoja Mwingereza alijaribu siku 30 akashindwa. Ikaonekana Wamarekani ndio wameshinda moja kwa moja.

Haikupita miaka mingi, kitasa hichohicho kikafunguliwa Marekani na Linus Yale mdogo, aliyewahi kuwa mchoraji wa picha za watu. Ni Yale huyo aliyesajili mwaka 1861 na 1865 kitasa cha pini kinachotumia ufunguo mdogo bapa wenye meno. Aina hiyo ya ufunguo ndiyo iliyojaa mifukoni mwa watu hadi leo, na ndiyo inayopotea kila siku.

Hobbs alirudi Marekani mwaka 1860. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha cherehani cha Howe, kisha akawa msimamizi wa kiwanda cha risasi huko Bridgeport, Connecticut, kazi aliyoishika kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki mjini humo Novemba 6, 1891, akiwa na miaka 79.

Alichokiacha mlangoni pako

Dakika 25 kwa Chubb, saa 51 kwa Bramah. Vyote viwili vilifunguka, lakini tofauti ya muda ndiyo thamani yenyewe. Mwizi hana siku 16. Kitasa kizuri kinakununulia muda, na muda ndio unaomfukuza mwizi asiyetaka kuonekana.

Kwa aliyepoteza funguo za stoo, habari ni njema zaidi. Kilichofungwa na binadamu, binadamu mwingine mwenye subira anaweza kukifungua bila nyundo. Fundi akikuuliza uthibitishe kwamba mali ni yako kabla hajagusa kitasa, usikasirike. Huyo ndiye wa kumwita tena.