SIR CHARLES BELL NA NEVA INAYOFUMBA JICHO

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maisha ya wanasiasa na waandishi, nao wanastahili. Safari hii nimeonelea niwaletee daktari Mskoti, marehemu wa siku nyingi, ambaye jina lake huandikwa hadi leo kwenye kadi za wagonjwa ilhali wenye kadi hawajui alikuwa nani.

Charles Bell alizaliwa Edinburgh mwezi wa Novemba 1774. Babake, aliyekuwa kasisi, alifariki mwaka 1779, akaacha watoto na mali kidogo. Mamake ndiye aliyemfunza kusoma, na kwa bahati njema kijana akafundishwa kuchora na msanii David Allan. Tafadhali msiipuuze habari hiyo ya kuchora, maana ndiyo iliyomfikisha alikofika. Kakake mkubwa, John, alikuwa mpasuaji mwenye shule yake ya anatomia, na Charles akasomea kwake. Lakini John alikuwa na ulimi mkali. Ugomvi wake na wakubwa wa udaktari mjini humo ulimwangukia mdogo wake pia, hata akakosa nafasi ya kufanya kazi katika hospitali kuu ya Edinburgh. Basi mwaka 1804 akafunga virago, akaenda London.

Huko, mwaka 1806, alitoa kitabu cha anatomia kwa ajili ya wachoraji. Ndani yake alieleza ni misuli gani ya uso inayosogea mtu anapokasirika, anapoogopa au anapolia. Mwaka 1815, baada ya vita vya Waterloo, alikwenda Brussels akawakata mikono na miguu majeruhi kwa siku kadhaa, bila dawa ya usingizi, kwani ilikuwa haijapatikana. Jioni alichora vidonda alivyoviona. Mimi nimeona nakala za picha hizo na sitazieleza hapa, kwa kuwa wengine wanasoma jarida hili wakati wa chakula.

Swali lililomsumbua Bell lilikuwa hili: je, neva zote ni sawa? Wengi wa siku hizo walidhani neva yoyote yaweza kubeba hisia na mwendo pamoja. Bell alishuku kwamba kila neva ina kazi yake. Mwaka 1811 alichapisha kijitabu cha mawazo hayo, nakala 100 tu, akawagawia marafiki.

Jicho ni ushahidi mzuri. Ubongo wetu una jozi 12 za neva, na jicho pamoja na kope zake hutumia sita. Ya pili huona. Ya tatu, ya nne na ya sita huligeuza jicho, na ya tatu huinua pia kope ya juu. Ya tano huhisi: vumbi likigusa jicho, ndiyo inayopiga ukelele. Ya saba hufumba. Yaani kufumbua ni kazi ya neva moja na kufumba ni ya nyingine kabisa! Wanyama nao wana mipango yao. Hebu mtazame kuku: ana kope ya tatu, utando mwembamba unaopita mbele ya jicho kutoka upande wa pua. Utando huo huvutwa kwa neva ya sita, ileile ambayo kwetu huligeuza jicho kutazama upande wa sikio.

Mwaka 1821 Bell alisoma mbele ya Royal Society matokeo ya majaribio yake. Alikuwa amekata neva ya saba ya punda upande mmoja wa uso. Tundu la pua la upande huo likaacha kupanuka punda alipohema, lakini akaendelea kula vizuri. Alipokata tawi la neva ya tano, punda akashindwa kuokota chakula kwa mdomo. Bell akaamua kwamba neva ya tano ndiyo inayosogeza midomo wakati wa kula. La hasha! Punda alishindwa kwa sababu hakuhisi chakula kilipomgusa. Aliyelionyesha kosa hilo ni Herbert Mayo, aliyekuwa mwanafunzi wake Bell mwenyewe.

Hata hivyo jina lake lilibaki kwenye ugonjwa wa neva ya saba. Mtu ikimlegea ghafla, nusu ya uso hupooza na jicho halifumbi. Ni kweli kwamba Al-Razi, tabibu wa Uajemi, aliandika juu ya uso kupooza karne nyingi kabla yake, lakini ugonjwa ukaitwa wa Bell. Ndio uliompata shangazi yangu. Aliamka asubuhi mdomo umevutwa upande, jicho la kushoto li wazi, chai ikimwagika. Jirani mmoja akasema amerogwa, mwingine ati ni upepo, na mjomba akalia kiharusi. Daktari alimwambia tu, "Mama, inua nyusi." Upande wa kushoto wa kipaji haukukunjamana. Katika kiharusi, kipaji kwa kawaida hukunjamana bado, kwani sehemu hiyo hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Alipewa prednisoloni, dawa ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu, matone ya jicho, na plasta ya kulifungia usiku lisikauke. Baada ya miezi miwili uso ulirudi. Wagonjwa wengi hupona hivyo. Pesa za mganga zilikuwa zimekwisha changwa.

Tukirudi kwa Bell, kuna jambo lisilompa sifa. Mwaka 1822 Mfaransa François Magendie alionyesha wazi, kwa kuwapasua watoto wa mbwa, kwamba mizizi ya mbele ya neva za uti wa mgongo huleta mwendo na ya nyuma huleta hisia. Bell alidai ushindi ni wake. Alipochapisha upya makala yake mwaka 1824 alibadilisha maneno kadhaa yaonekane yanakubaliana na ugunduzi mpya. Kwa maoni yangu hakuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu aliyokuwa ameyapata kwa haki yalitosha. Hoja yake ya kwamba Magendie aliwatesa wanyama ilikuwa na uzito, ingawa punda wake naye angekuwa na la kusema. Vitabu vimewapatanisha kwa kuiita sheria ya Bell na Magendie.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1831, na mwaka 1836 akarudi Edinburgh kuwa profesa wa upasuaji. Alifariki tarehe 28 Aprili 1842 huko Hallow, karibu na Worcester, akiwa safarini kwenda London. Hakuacha mtoto. Mkewe, Marion, alizitunza barua alizomwandikia kakake George, na mwaka 1870 zikachapishwa kitabuni.