Sir Syed Ahmad Khan na Khitilafu ya Aligarh

Sir Syed Ahmad Khan alizaliwa Delhi mwaka 1817. Alipoona Waislamu wa Bara Hindi wameachwa nyuma katika ilimu, alifungua madrasa Aligarh mwaka 1875, ikawa chuo mwaka 1877. Na mwaka 1886 akaunda Mkutano wa Elimu wa Waislamu wa Hindi nzima.

Mwaka 1889 alileta kanuni ya wadhamini wa chuo, iliyomfanya mwanawe, Syed Mahmood, naibu wake na mrithi wake katika ukatibu. Hoja yake ilikuwa kwamba walimu wa Kiingereza wangemwamini huyo. Maulvi Samiullah Khan, mwenziwe tangu mwanzo, aliipinga. Kanuni ikapita kwa wingi wa kura, na Samiullah akajitenga.

Sir Syed alifariki mwaka 1898. Mwanawe akashika ukatibu, lakini mwaka 1899 wadhamini walimchagua Mohsin-ul-Mulk mahali pake. Chuo hakikuanguka, mwaka 1920 kikawa Chuo Kikuu.

Basi ndugu zangu, mwenye kujenga ana haki ya kuheshimiwa. Ama kazi ya umma hairithiwi kama shamba. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.