Hitchcock: Msee Aliyeogopa Karao Akaishia Kuogopesha Dunia, na Filamu Zake 5 Kali

Ushawahi kuwatch muvi usiku ukiwa pekee yako kwa keja, halafu ukashindwa kuingia bafu? Kuna msee wa kulaumiwa hapo. Anaitwa Alfred Hitchcock. Alikufa 1980, kabla wengi wetu tuzaliwe, lakini kila muvi inayokufanya ushike mto kifuani imekopa kitu kwake.

Leo nakupea filamu zake 5, tukianza na namba 5 hadi namba 1, na maisha yake katikati. Na nikuambie mapema: kuna moja ilikuwa namba 1 yangu kwa miaka, nikaitoa kwa list kabisa. Tutafika hapo.

Mbona nimekuambia sasa badala ya kukushtua baadaye? Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu ya Hitchcock. Alielezanga hivi: wasee wawili wameketi kwa meza wanapiga story za mpira, ghafla bomu inalipuka chini yao. Umeshtuka sekunde chache, imeisha. Lakini ukionyeshwa hiyo bomu mapema, na saa ukutani inasema zimebaki dakika 5, sasa hiyo story ya mpira itakuua na presha. Utataka kupigia skrini kelele wahepe. Hapo ndipo anakushika.

Mtoi wa muuza mboga

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1899, Leytonstone, upande wa mashariki wa London. Mshua wake, William, alikuwa na duka la mboga na kuku. Familia ilikuwa ya Wakatoliki, na kijana akasomeshwa na Wajesuiti, watu wa nidhamu kali.

Kuna story moja aliipiga maisha yake yote. Akiwa mtoi wa miaka kama 5, mshua alimtuma kituo cha polisi na kabarua. Afande akasoma, akamfungia kwa seli dakika chache, akamwambia hivyo ndivyo watoto watundu hufanyiwa. Dakika chache tu, lakini hakuwahi kusahau. Akiwa mzee, na doh mob, bado alikuwa anasema hataki kuendesha gari kwa sababu asiyeendesha hasimamishwi na karao. Wewe unayeishi huku unaelewa hiyo logic bila kuelezewa.

Sasa chunga filamu zake uone. Karibu kila mara kuna mtu hana hatia, lakini polisi wako nyuma yake na hakuna anayemwamini.

Mshua aliaga 1914, Hitchcock akiwa na miaka 15. Ikabidi atafute kazi. Akaingia kampuni ya nyaya za umeme, na kwa sababu alijua kuchora, akaishia kuchora matangazo yao. Kufika 1920 alikuwa amepata mlango kwa studio ya Wamarekani iliyokuwa Islington, London. Kazi yake? Kuchora zile kadi za maandishi za filamu bubu. Hakuna mtu alimpa kiti cha director. Alianza na kalamu.

Hapo kazini akapatana na Alma Reville. Alma alizaliwa siku moja tu baada yake, lakini kwa filamu alikuwa ameingia kitambo, akiwa bado msichana mdogo, na alikuwa ashajua kukata na kuunganisha filamu wakati jamaa bado anachora kadi. Walioana Desemba 1926. Shika jina la huyu dem, utalihitaji.

5. Blackmail (1929)

Hii ilianza kama filamu bubu, halafu sauti ikaingia sokoni, Hitchcock akarudia sehemu kubwa na sauti. Shida ikawa moja: stelingi wake, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi nzito ya Kicheki, na kwa hadithi ni msichana wa London. Teknolojia ya kuweka sauti baadaye haikuwa imeiva. Walifanya nini? Mwigizaji mwingine, Joan Barry, alisimama pembeni ya kamera akisema maneno, Anny anachezesha midomo tu. Lip sync ya 1929, buda!

Lakini iko hapa kwa sababu ya breakfast moja. Msichana amedunga mtu kisu usiku akijitetea. Asubuhi jirani anaongea bila breki kuhusu hiyo mauaji, na maneno yote yanafifia hadi unasikia neno moja tu likirudi: kisu, kisu, kisu. Wenzake walikuwa bado wanashangaa kwamba filamu inaongea. Yeye alikuwa ashajua kuitumia hiyo sauti kukutesa.

Kuvuka maji

1939 alihamia Hollywood na Alma na binti yao Patricia, kwa mkataba wa producer David O. Selznick. Filamu ya kwanza huko, Rebecca, ilishinda Oscar ya filamu bora ya 1940. Poa, sivyo? Ngoja. Hiyo Oscar ni ya producer, kwa hivyo Selznick ndiye alibeba. Hitchcock aliteuliwa mara 5 kama director bora, na mara zote 5 akatoka mikono mitupu. 1968 ndio walimpa tuzo ya heshima. Akapanda jukwaani, akashukuru kwa maneno machache kuliko SMS, akashuka.

4. Shadow of a Doubt (1943)

Hapa hakuna zimwi wala nyumba ya giza. Ni mji mdogo wa Santa Rosa, California, jua linawaka, familia nzuri, halafu Uncle Charlie anakuja kutembea. Amebeba zawadi za kila mtu. Msichana wa hapo, ambaye hata jina amepewa la huyo mjomba, anampenda sana. Halafu pole pole anaanza kugundua kwamba huenda mjomba anaua wajane matajiri.

Alma aliandika hii script pamoja na wenzake wawili. Na kuna kitu cha uchungu hapo: mamake Hitchcock, Emma, alikufa Uingereza Septemba 1942 wakati kijana wake anaitengeneza hii filamu upande wa pili wa bahari, vita ikiendelea. Mama mpole kwa hii filamu, yule hataki kusikia ubaya wowote wa kakake, anaitwa Emma.

3. Vertigo (1958)

Polisi aliyestaafu kwa sababu ya kuogopa urefu anaangukia mwanamke. Anampoteza. Halafu anapatana na mwingine anayefanana naye kiasi, na anaanza kumbadilisha: nguo ile ile, viatu vile vile, rangi ya nywele ile ile, hadi awe yule wa kwanza. Dem analia, anauliza kama hawezi kupendwa alivyo. Jamaa hasikii.

Ilipotoka, wakosoaji wengi hawakuichangamkia. Mwaka wa 2012 wakosoaji wa dunia waliopiga kura kwa jarida la Sight and Sound waliiweka namba 1 ya filamu zote, ikashusha Citizen Kane iliyokuwa imekalia hicho kiti kwa miaka 50. Ile mbinu ya kamera kurudi nyuma huku lenzi inavuta mbele, inayokufanya uhisi tumbo limeshuka, ilitokea hapa.

Weka hiyo story ya mwanaume anayechagulia mwanamke nguo na nywele hapo kando. Inarudi.

2. Psycho (1960)

Sisi wa kulelewa na vidio za mtaa tulifunzwa sheria moja: stelingi hafi. Hitchcock aliitupa hiyo sheria kwa bafu. Janet Leigh ndiye staa, ameiba dola 40,000, uko nyuma yake unaomba asishikwe, na kabla filamu ifike nusu, ameenda. Unabaki umekaa hapo hujui sasa umfuate nani.

Studio ya Paramount haikuwa inaitaka hii kitu. Akasema sawa. Akachukua watu wa kipindi chake cha TV, akapiga kwa black and white, bajeti kama dola 800,000, na badala ya mshahara wake wa kawaida akakubali kipande kikubwa cha filamu yenyewe. Ikalipuka, akaomoka vibaya sana. Kumbi ziliambiwa zisiruhusu mtu kuingia ikishaanza.

Ile scene ya bafu ilichukua siku 7 kupiga, na shambulio lenyewe halifiki dakika moja. Damu ni sharubati ya chokoleti. Hitchcock alitaka iwe kimya bila muziki. Bernard Herrmann akaandika zile fidla zinazopiga mayowe, mzee akasikia, akakubali amekosea. Na kabla itoke, ni nani aliona Janet Leigh bado anaonekana akipumua wakati anafaa kuwa maiti? Alma.

Ile niliyoitoa

Sasa bomu yetu. The Birds, 1963. Niliiwatch ule mwaka niliacha chuo, DVD ya 50 bob, usiku, nikiwa sina form yoyote ya maisha. Ndege wanashambulia mji na hakuna anayeelezwa ni kwa nini. Wiki nzima sikuweza kupita chini ya marabou wa Nyayo Stadium bila kuangalia juu. Ilikuwa namba 1 yangu, bila mjadala.

Halafu nikasoma kuhusu Tippi Hedren. Alikuwa mwanamitindo, Hitchcock akamwona kwa tangazo la TV, akamweka kwa mkataba wa miaka 7, akaanza kumchagulia mavazi na sura, hata nje ya kazi. Kwa scene ya ghorofani Tippi alikuwa ameambiwa ndege watakuwa wa mashine. Alipofika, walikuwa ndege hai. Walimrushia siku 5, mmoja akamkwaruza karibu na jicho, hadi daktari akaamuru apumzishwe. Kwa kitabu chake cha 2016 alieleza kwamba Hitchcock alimtaka kimapenzi, akamshika kwa nguvu, na alipokataa akamfungia milango ya kazi kwa kutumia ule mkataba. Hitchcock alikuwa ameshakufa, hakuweza kujibu. Waigizaji wengine kama Kim Novak na Eva Marie Saint wamesema wao hawakupitia hayo. Hiyo pia ni kweli, lakini haifuti ya Tippi.

Niliirudia baada ya kujua. Sikumaliza. Hiyo scene ya ghorofani, ile nilikuwa naita kali, sasa naona mwanamke ambaye haigizi. Yule mtoi aliyefungiwa kwa seli alijua vizuri vile woga unauma, na bado akamfungia mtu mwingine chumbani na ndege.

1. Rear Window (1954)

Rudi nyuma miaka 9. Mpiga picha amevunjika mguu, ameketi kwa dirisha, kazi yake ni kuchungulia majirani. Ni kama ploti za Pipeline, dirisha linaangalia dirisha, kila mtu anajua ya mwenzake. Paramount walijenga hizo nyumba 31 ndani ya studio. Halafu anaanza kushuku kwamba jamaa wa ng'ambo ameua bibi yake. Hawezi kutembea, kwa hivyo Grace Kelly ndiye anavuka kuingia kwa hiyo nyumba, na sisi tunabaki na mwanaume kwenye kiti, tunaangalia tu dem akishikwa, hatuwezi kusaidia.

Hiyo ndiyo namba 1 yangu, kwa sababu inakuuliza wewe unayeangalia: unajua unaangalia nini? Mimi kwa The Birds sikujua.

1979 Hollywood walimwandalia sherehe kubwa. Akasema anashukuru watu wanne tu: mhariri wa filamu, mwandishi, mama ya binti yake, na mpishi. Wote wanne walikuwa Alma. Mapema 1980 Malkia akampa cheo cha Sir, na tarehe 29 Aprili akaaga nyumbani kwake Los Angeles, miaka 80.

Ukianza leo, anza na Rear Window. Zima taa, weka simu mbali. The Birds sitakuzuia, ni filamu kali bado. Lakini ukifika ile ghorofani, ujue jina lake ni Tippi, na wale ndege walikuwa wa ukweli.